Mpira wa Chini wa Rejeta: Namna ya Kuubadilisha kwenye Datsun 240Z

Fungua boneti ya Datsun 240Z uitazame rejeta. Mpira wa juu utauona mara moja, umetoka kwenye nyumba ya thamostati na kuingia kichwani mwa rejeta, na klipu zake zote mbili zinakutazama. Mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kuubadilisha. Wa chini hauonekani. Umejificha nyuma ya feni, chini ya fenbelti, na ncha yake ya upande wa injini imekazwa kwa klipu ambayo fundi wa mwisho aliielekeza alivyoona rahisi yeye, siku ambayo rejeta ilikuwa nje. Ndiyo maana ukikagua magari haya utakuta mengi yana mpira wa juu mpya, na wa chini hakuna anayejua uliwekwa lini. Maelezo yanayofuata ni ya huo wa chini.

Gari hili lilitoka Japani mwaka 1969, na kwetu Afrika Mashariki lina heshima ambayo magari machache ya michezo yanayo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari wakiwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo tena akiwa na Lofty Drews. Injini yake ni L24, silinda sita mstari mmoja, sentimita za ujazo 2393. Ni injini ngumu sana ikipata maji. Ila bloki yake ni ya chuma na hedi yake ni ya aluminiamu, na metali hizo mbili hazitanuki sawasawa. Injini ikichemsha kweli kweli, hedi hupinda, gasketi huungua, maji huingia kwenye mafuta, na kazi iliyokuwa ya mchana mmoja inageuka kuwa ya kufungua injini nzima. Hedi nzima ya L24 siku hizi si kitu cha kuagiza leo ukakipata kesho. Kwa hiyo naomba uuchukulie mpira huu kwa uzito, hata kama kwa bei ni kitu kidogo.

Kuujua mpira uliochoka

Kwanza ujue kazi yake. Maji ya moto hutoka injini kwa juu, hushuka ndani ya rejeta yakipoa, kisha pampu huyavuta kutoka chini na kuyarudisha kwenye bloki. Mpira wa juu unasukumwa na maji, na wa chini unavutwa. Ukilainika kwa uzee, injini inapozunguka kwa kasi pampu hunyonya hadi mpira ukabonyea na kuziba njia. Dalili yake inawachanganya watu wengi: gari linatulia vizuri kwenye foleni, geji ya joto haisogei, lakini ukishika barabara kuu na kukanyaga mafuta kwa dakika kumi, sindano inapanda. Watu hubadilisha thamostati, wakabadilisha kifuniko, wakasafisha rejeta, na mpira wa chini bado uko palepale unabonyea. Baadhi ya mipira ya chini huwekewa springi ya waya ndani kwa ajili hiyo hiyo. Kama wa kwako ulikuwa nayo, huenda imeshalika kwa kutu na vipande vyake vimeshuka ndani ya mfumo.

Gari likiwa limepoa kabisa, ingiza mkono kwa chini uuminye mpira. Anza katikati, halafu minya sentimita tatu hadi tano kutoka kila ncha, kwa kidole gumba na cha shahada. Mpira mzima hujibu sawa kila mahali: unabonyea kidogo, unarudi. Mpira uliokwisha huwa laini kwenye ncha kuliko katikati, na wakati mwingine utahisi kama kuna mfereji mwembamba ndani yake unaopasuka ukiuminya. Hapo ndipo unapoozea, na unaozea kwa ndani. Kulanti na metali tofauti za injini na rejeta hutengeneza umeme mdogo, na umeme huo huchimba nyufa nyembamba kwenye mpira kutokea ndani kwenda nje, hasa karibu na klipu. Nje unaweza kuwa mweusi unang'aa. Usiuamini kwa macho.

Dalili nyingine ni rahisi: mpira uliovimba karibu na klipu, uliokakamaa ukalia kama gome ukiuminya, au uliopakaa mafuta ya injini ukawa mlaini wa kunata. Mafuta ni adui wa mpira wa aina hii. Kama kuna uvujaji wa mafuta juu yake, ziba huo kwanza, la sivyo mpira mpya utakwenda njia ileile.

Na kama hujui umri wake, huna haja ya kuuminya. Ubadilishe.

Kununua

Tafuta mpira uliofinyangwa kwa umbo la gari lenyewe. Ile mipira ya mikunjomikunjo inayopindika kila upande, inayouzwa kwa kipimo, itakufikisha nyumbani ukikwama, lakini si ya kuachwa kwenye gari. Mikunjo yake hupunguza mtiririko wa maji, na ncha zake hazikai vizuri kwenye shingo.

Ukienda Kirinyaga Road Nairobi au Gerezani Dar es Salaam, muuzaji anaweza kukuambia kwamba injini za ukoo wa L ziliwekwa kwenye magari mengi ya Nissan, hata Patrol ilipata L28, kwa hiyo mpira wowote wa ukoo huo utaingia. Injini ni ndugu, ndiyo. Rejeta si ndugu. Mkao wa shingo ya chini hutofautiana, na mpira uliolazimishwa kupinda mahali usipotaka kupinda utajikunja ndani ukazuia maji. Tena rejeta nyingi za magari haya zimeshabadilishwa miaka iliyopita, ikawekwa iliyopatikana. Kwa hiyo usinunue kwa jina la gari peke yake. Pima kipenyo cha nje cha shingo zote mbili kwa kalipa, na ukiweza nenda na mpira wa zamani mkononi. Nunua mrefu kidogo kuliko mfupi. Wa ziada utaukata, uliopungua huwezi kuunganisha.

Mipira ya silikoni inapendeza na hustahimili joto kuliko mpira wa kawaida, lakini ni milaini, na klipu zenye meno yaliyotobolewa huikata. Ukiichagua, nunua na klipu zenye utepe laini kwa ndani. Mimi kwa gari la barabarani bado napendelea mpira mweusi wa kawaida wenye nyuzi ndani, ulionunuliwa kwa mtu anayeuza haraka ili usiwe umekaa dukani miaka. Uinamishe kidogo kabla ya kulipa. Ukiona vinyufa vidogo juu ya mkunjo, urudishe.

Klipu zinunuliwe mpya, za chuma kisichoshika kutu, zenye kichwa cha boliti cha pembe sita na si mfereji wa bisibisi pekee. Kichwa hicho ndicho kitakachokuwezesha kukaza kwa soketi ndefu mahali ambapo bisibisi haifiki. Chukua na kulanti ya kutosha mfumo mzima, kifuniko kipya cha rejeta kama cha zamani kina mpira uliokauka, na thamostati. Kwa injini hizi kiwanda kilitaja thamostati ya nyuzi 82 kwa nchi za wastani, 88 kwa nchi za baridi, na 76.5 kwa nchi za joto. Gari lililoingizwa kutoka Ulaya linaweza kuwa bado na ile ya baridi. Kwa Mombasa au Dar, ya 76.5 ndiyo yako.

Kabla ya kufungua kitu

Injini iwe baridi. Sio vuguvugu, baridi. Liache gari lilale usiku kucha. Kifuniko cha rejeta cha gari hili hushikilia presha ya takriban kilo 0.9 kwa sentimita mraba, na kwa presha hiyo maji hayachemki kwa nyuzi 100 bali karibu 118 ukiwa usawa wa bahari. Ukifungua kifuniko maji yakiwa na nyuzi 110, presha inashuka ghafla na maji yote yanataka kuwa mvuke kwa mara moja, usoni mwako. Watu wameungua vibaya kwa namna hiyo, na hakuna haraka inayostahili kuungua.

Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua mbele kwa jeki, kisha kalisha gari kwenye stendi mbili imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala matofali, ambayo hupasuka bila onyo. Chomoa waya wa hasi wa betri. Kiwandani gari hili lilikuja na feni ya kuzungushwa na injini, lakini wengi wameweka feni ya umeme, na hiyo inaweza kuanza kuzunguka wakati vidole vyako viko katikati yake.

Kumwaga maji

Weka karai pana chini ya koki ya rejeta. Ondoa kifuniko cha juu kwanza ili hewa iingie, kisha fungua koki pole pole. Koki za zamani za shaba huwa zimeganda. Ikikataa, usiing'ang'anie kwa koleo, kwa sababu tangi la chini limeungwa kwa risasi na litang'oka kabla koki haijasogea. Iache, maji utayatoa kwa kufungua mpira wenyewe, japo utalowa kidogo. Kuna pia boliti ya kumwagia maji ubavuni mwa bloki. Ukiweza kuifungua bila vurugu, ifungue, kwani ndiyo njia ya kutoa matope yaliyokaa chini ya silinda.

Tazama kilichotoka. Kulanti ya kijani iliyo safi ina maana mwenye gari aliyekutangulia alijali. Maji ya rangi ya chai yenye unga mwekundu yanaonyesha gari limekuwa likijazwa maji ya bomba, na kutu ya bloki inazunguka. Suuza mfumo mpaka yatoke meupe. Yakiwa na utando wa rangi ya maziwa ya kahawa, simama. Mafuta yameingia kwenye maji, na una tatizo kubwa kuliko mpira.

Usiyamwage kwenye mtaro wala uani. Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ina utamu kidogo na ni sumu. Mbwa, paka na kuku huinywa wakafa, na mtoto mdogo yuko hatarini vilevile. Iweke kwenye dumu, andika juu yake ni nini, uifunge.

Toa rejeta

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi. Watakuambia mpira wa chini unaweza kutolewa kwa kulala chini na kupitisha mkono kando ya feni. Ni kweli, unaweza. Lakini utafanya kazi bila kuona, utalegeza klipu kwa robo mzunguko kila mara, na baya zaidi, utauvuta mpira ulioganda kwa kutumia shingo ya rejeta kama mpini. Shingo hiyo ni shaba nyembamba iliyoshikwa na risasi. Ikipata ufa mdogo hutaujua siku hiyo. Utaujua baada ya wiki mbili, ukiona doa la kijani sakafuni.

Rejeta ya 240Z imeshikwa kwa boliti nne, mbili kila upande, na zote zinafikika kwa juu. Kuitoa ni kazi ndogo, na ukishaitoa unapata nafasi ya kuingiza mikono yote miwili, taa, na macho. Utaona pia hali ya pampu ya maji, fenbelti, na sili ya mbele ya injini, mambo ambayo yangekugharimu kazi hiyohiyo kuyafikia siku nyingine.

Legeza klipu za mpira wa juu, uondoe. Chomoa mpira mwembamba wa kumwagia ziada uliopo shingoni mwa kifuniko. Kama gari lako ni la gia za otomatiki, tangi la chini lina mabomba mawili ya mafuta ya gia. Yafungue kwa spana mbili, moja ikishikilia na nyingine ikizungusha, uzibe ncha zake kwa kitambaa safi au kizibo ili vumbi lisiingie. Gari la gia za mkono halina mabomba hayo. Kama kuna kava la feni, litenganishe na rejeta ulisogeze nyuma juu ya feni. Kata kadibodi ya ukubwa wa rejeta uiteremshe kati yake na mapanga ya feni, kwa sababu mapezi ya rejeta ni malaini kiasi kwamba kidole tu kinayalaza.

Sasa bado kuna ule mpira wa chini unaoishikilia rejeta. Usihangaike na klipu ya upande wa injini. Legeza ile ya upande wa rejeta, ambayo kwa kawaida inafikika kwa chini kwa soketi yenye kiongezeo. Ikikataa kabisa, kata mpira wenyewe katikati kwa kisu kikali. Hauna thamani tena, ulishaamua kuubadilisha. Mpira ukikatika, maji ya mwisho yatamwagika, basi karai liwe mahali pake. Fungua boliti nne, inua rejeta wima, uitoe. Ilaze juu ya kitambaa.

Kuondoa mabaki

Vipande vya mpira vitabaki vimeng'ang'ania shingo zote mbili. Usivizungushe kwa koleo. Chukua kisu cha wembe, chora mstari mmoja kwa urefu wa mpira, sambamba na shingo, kuanzia ukingoni hadi mwisho wake. Kata kwa mikono miepesi, mara mbili tatu, kila mara ukizama kidogo, mpaka ubakize utando mwembamba tu juu ya metali. Kisha ingiza ncha ya bisibisi bapa ndani ya mkato uubanue. Mpira utafunguka kama ganda la muhogo uliochemshwa, ukiacha nyuma ngozi nyeusi iliyoshika shaba. Ukitumia nguvu kukata hadi chini, utachora mkwaruzo shingoni, na mkwaruzo wa urefu huo ni njia ya maji ambayo hakuna klipu itakayoiziba.

Shingo ya upande wa injini inataka uangalizi zaidi, kwa kuwa ni ya aluminiamu. Isugue kwa msasa laini, ukizungusha kufuata mviringo wake, usisugue kwa urefu. Ngozi nyeusi ikishatoka utaona ama metali laini ya kijivu, ama vishimo vyeupe vilivyojaa unga. Vishimo vidogo vilivyotawanyika havina neno. Vikiungana kuwa mfereji unaotoka ukingoni hadi nyuma ya kituta ambacho klipu hukaa, maji yatapita humo, ukaze utakavyokaza. Shingo kama hiyo ibadilishwe. Kama haipatikani, ijaze kwa gundi ya metali ya sehemu mbili, iache ikauke usiku mzima, uisawazishe kwa msasa. Inadumu vizuri ikifanywa kwa subira kwenye metali iliyosafishwa na kukaushwa.

Onyo moja kuhusu boliti za nyumba ya thamostati: boliti za chuma ndani ya aluminiamu, baada ya miaka hamsini, huwa zimekuwa kitu kimoja na hedi. Nyingi hukatika. Kama unabadilisha thamostati, zimwagie mafuta ya kupenya siku moja kabla, zigonge kichwani kidogo kwa nyundo, jaribu kukaza kwanza nywele moja ndipo ulegeze. Ukihisi inajipinda badala ya kuzunguka, acha, tia mafuta tena, usubiri. Boliti iliyokatika ndani ya hedi hutolewa kwa kutobolewa, na hiyo ni kazi ya mashine.

Kufunga mpya

Visha mpira klipu zote mbili kabla ya kuuingiza. Ni jambo dogo linalosahaulika, na ukishaurudisha rejeta hutaweza kuzipitisha tena.

Usipake grisi wala mafuta ya injini ili mpira uteleze. Vitaulainisha na kuuvimbisha. Kulanti yenyewe inatosha, au maji yenye sabuni kidogo. Anza na upande wa injini wakati rejeta iko nje. Sukuma mpira mpaka uvuke kituta na kufika mwisho wa shingo. Kama mpira una alama ya rangi kwa urefu wake, hiyo ndiyo inayokuonyesha mkao, usiusokote.

Klipu ikae nyuma ya kituta, milimita tatu hadi tano kutoka ukingo wa mpira. Ikikaa juu ya kituta itauma sehemu ndogo tu na itateleza gari likipata joto. Sasa fikiria kichwa cha boliti ya klipu kielekee wapi. Jifanye rejeta imesharudi na feni iko mahali pake, halafu ujiulize: nikilala chini na soketi ndefu, nitakifikia kwa njia gani? Kielekeze huko. Jaribu kwa soketi kabla ya kukaza, uhakikishe inaingia bila kugusa feni wala mkanda. Dakika hizo mbili ndizo aliyekutangulia hakuzitoa.

Kaza mpaka mpira uanze kubonyea kidogo kando ya utepe, usiendelee. Klipu iliyokazwa kupita kiasi hukata mpira au hukatika meno yake.

Rudisha rejeta taratibu, kadibodi ikiwa mahali pake, huku mkono mmoja ukiongoza mpira kwenye shingo ya chini. Shika boliti nne kwa vidole tu kwanza. Angalia mpira umekaaje: usivutike, usiguse fenbelti, usiguse puli. Injini hii imekaa kwenye maunti za mpira na hutikisika kila unapowasha na kubadilisha gia, ilhali rejeta imefungwa kwenye bodi na haitikisiki. Mpira ndio unaobeba tofauti hiyo, kwa hiyo uuachie ulegevu. Zungusha feni kwa mkono mzunguko mzima ukitazama. Ukiridhika, kaza boliti za rejeta, kaza klipu ya chini, funga mpira wa juu, kava la feni, na mabomba ya gia kama yapo. Toa kadibodi.

Kujaza na kutoa hewa

Changanya kulanti na maji safi nusu kwa nusu. Maji ya kisima ya sehemu nyingi za kwetu yana chumvi na chokaa, ambayo huganda ndani ya mirija ya rejeta. Tumia maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, au ya mvua yaliyochujwa. Na usijidanganye kwamba nchi ya joto haihitaji kulanti kwa kuwa hakuna barafu. Inainua kiwango cha kuchemka na inazuia kutu, na kwenye injini yenye chuma, aluminiamu na shaba kwa pamoja, kuzuia kutu ndiyo kazi yake kubwa.

Gari likiwa bado limeinuka mbele, rejeta ndiyo sehemu ya juu kabisa, na hewa itapanda yenyewe. Fungua hita hadi mwisho wa moto ili maji yafike hata huko. Hakikisha koki na boliti ya bloki zimefungwa, kisha mimina polepole, ukisimama mara kwa mara na kuuminya mpira wa juu. Utaona mapovu yakipanda. Thamostati nyingi zina tundu dogo lenye pini inayochezacheza. Ukiifunga, pini hiyo iwe juu, kwa kuwa ndipo hewa inapopenyea. Hewa ikibaki ndani ya hedi, maji hayafiki hapo, na geji inaweza kusoma vizuri huku hedi inaungua.

Rudisha waya wa betri, washa injini bila kifuniko, iache izunguke polepole. Maji yatashuka thamostati ikifunguka, ongeza. Shika mpira wa juu: mwanzo ni baridi, kisha ghafla unakuwa wa moto. Baada ya hapo wa chini nao utapata uvuguvugu, na hapo unajua maji yanazunguka. Funga kifuniko. Sasa lala chini na taa, utazame ncha zote mbili za mpira mpya injini ikiwa na presha. Mwombe mtu akanyage mafuta hadi mizunguko 3000 huku wewe ukiutazama kwa mbali na feni, nguo zako zikiwa zimekaza mwilini. Mpira usibonyee.

Zima, liache gari lipoe kabisa, kisha kaza klipu zote mara ya pili. Mpira mpya hujikalisha ukipata joto la kwanza, na klipu iliyokuwa imara asubuhi huwa na nafasi ya robo mzunguko jioni.

Ukikwama njiani kabla hujaubadilisha

Mpira ukipasuka kati ya Mtito Andei na Voi, sogea pembeni mara moja uzime injini. Usiende hata kilomita moja zaidi ukitafuta kivuli. Subiri angalau nusu saa, au zaidi ikiwa jua ni kali. Usimwage maji ya baridi kwenye injini yenye moto, kwani hedi itapasuka. Ikipoa, kausha mpira, uzungushie utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, tabaka nyingi, ukianzia mbali na ufa. Kama ufa uko karibu na ncha na mpira una urefu wa ziada, kata sehemu mbovu uusogeze. Jaza maji, kisha funga kifuniko hadi hatua ya kwanza tu bila kukikaza mwisho, ili presha isijengeke ikaufungua utepe. Maji yatachemka mapema kuliko kawaida, kwa hiyo nenda mwendo mdogo, jicho likiwa kwenye geji, na usimame kila inapopanda.

Baada ya kazi yote, endesha gari kwa siku chache maeneo ya karibu kabla ya safari ndefu. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua kifuniko utazame kiwango cha maji. Siku ya kwanza na ya pili kitashuka kidogo kwa sababu ya hewa iliyobaki, jaza. Kikiendelea kushuka siku ya tatu na ya nne, usikubali kuongeza maji tu ukaendelea na safari: rudi chini ya gari na taa, pitisha kidole kavu kuzunguka kila klipu, utafute unyevu. Ukishaona mpira umetulia, andika mwezi na mwaka kwa rangi nyeupe juu ya mpira wenyewe, mahali panapoonekana kwa chini, ili atakayelala hapo baada yako ajue umri wake bila kuuliza.